Paka anayeugua tumbo kila mara: Usimtibu kwa kubahatisha

IWAPO paka wako hutapika mara kwa mara, au huharisha leo, akapata nafuu kesho, kisha akaharisha tena wiki ijayo, usijifariji kwamba hiyo ndiyo tabia ya paka. Huyo ni mgonjwa.

Paka ni mnyama msiri. Hushinda amelala kwenye kiti nawe ukafikiri anastarehe, kumbe anaumwa. Aghalabu watu hugundua baada ya miezi kadhaa, wakati uti wa mgongo umetokeza kama msumeno na manyoya yamesimama kama ufagio. Hapo ndipo mtu hukimbilia dawa zilizo kabatini, au duka la dawa za mifugo, akarudi na chochote alichouziwa.

La kusikitisha ni kwamba kuna paka ambao wangeweza kuishi na ugonjwa wao wa tumbo kwa miaka mingi, lakini wakauawa na tembe moja waliyopewa kwa nia njema. Paka si mtu mdogo, wala si mbwa mdogo. Mwili wake una taratibu zake, na mwenye kumfuga hana budi kuzijua.

Je, ni nywele tu?

Kisingizio cha kwanza huwa ni nywele. Ni kweli kwamba paka hujilamba mchana kutwa na kumeza nywele. Nyingi ya hizo hupita tumboni na kutoka na kinyesi. Mara mojamoja hufungamana zikawa donge, naye akalitapika.

Lakini paka mwenye manyoya mafupi, kama walivyo wengi wa hapa kwetu, kuanzia wale wa vichochoro vya Lamu hadi wa mitaa ya Nairobi, hafai kutapika donge la nywele kila wiki. Akifanya hivyo, huenda tumbo na utumbo vimevimba na kushindwa kuzisukuma nywele hizo kama ilivyo kawaida. Nywele basi ni dalili, si chanzo.

Madaktari wa wanyama huhesabu ugonjwa wa tumbo kuwa sugu unapozidi wiki 3, hata kama huja na kuondoka. Ukifika hapo, anza kuchunguza kwa makini. Mwangalie anapotapika. Je, tumbo linajikunyata kwa nguvu kabla ya chakula kutoka? Huko ndiko kutapika. Chakula kikitoka taratibu bila tumbo kujikaza, kikiwa bado kizima na chenye umbo la mrija, huenda tatizo liko kwenye umio wala si tumboni.

Kuna na paka ambaye hujikunyata, akanyosha shingo mbele na kukoroma kana kwamba atatapika, lakini hakuna kitu kinachotoka. Wengi husema ana nywele kooni. Mara nyingi huyo anakohoa, na huenda ana ugonjwa wa pumu. Dawa ya tumbo haitamsaidia hata kidogo.

Kinyesi nacho kina habari zake. Paka anayekwenda haja kila saa, akatoa kidogo kidogo chenye makamasi au damu nyekundu, ana shida kwenye utumbo mpana. Anayetoa kinyesi kingi cha majimaji na huku anakonda, shida yake aghalabu iko kwenye utumbo mwembamba, mahali ambapo chakula hufyonzwa. Wa pili ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Kukonda ndiyo dalili ambayo watu huipuuza kuliko zote. Paka wengi wazima huwa na uzito wa kilo 3 hadi 5. Paka wa kilo 4 akipoteza nusu kilo, ni sawa na mtu wa kilo 80 kupoteza kilo 10. Nani angenyamaza akiona mumewe amepungua hivyo? Huhitaji mizani maalumu. Mpakate, panda naye kwenye mizani ya bafuni, kisha panda peke yako na utoe tofauti. Fanya hivyo kila wiki, siku ile ile, na uandike kwenye daftari. Mizani ya bafuni si sahihi sana kwa kitu kidogo, kwa hiyo rudia mara tatu.

Chanzo chake ni nini?

Umri wa paka humpa daktari mahali pa kuanzia. Kwa paka wachanga, washukiwa wa kwanza ni minyoo, pamoja na vijidudu visivyoonekana kwa macho kama vile jiadia. Mtoto wa paka anaweza kupata minyoo mviringo kupitia maziwa ya mamaye, na ndiyo sababu inapendekezwa apewe dawa ya minyoo kuanzia wiki 3 za umri, arudiwe kila wiki 2 hadi afikishe wiki 8, kisha kila mwezi mpaka atimize miezi 6. Baada ya hapo kila miezi 3 hutosha kwa wengi.

Minyoo aina ya tegu huletwa na viroboto. Paka humeza kiroboto anapojilamba, na mdudu humo ndani akakua kuwa tegu. Ukiona vipande kama punje za mchele vimekauka kwenye manyoya chini ya mkia, ujue ni hao. Utampa dawa na itawaua, lakini viroboto wakibaki kwenye mkeka na kwenye makochi, tegu watarudi.

Paka akiwa mtu mzima, chakula kisichopatana naye ndicho humsumbua mara nyingi. Akipita miaka 10, orodha huwa ndefu zaidi: tezi ya thairoidi iliyo shingoni huweza kuzidisha kazi, figo huweza kuchoka, na utumbo huweza kupata uvimbe sugu au hata saratani ya polepole. Paka mzee anayekula kama fisi na bado anakonda anafaa kupimwa damu kwa ajili ya tezi hiyo. Hata daktari hawezi kuupambanua uvimbe sugu wa utumbo na saratani hiyo kwa kumtazama au kumpapasa tu. Mara nyingine hulazimika kukata kipande kidogo cha utumbo kikapimwe.

Pana chanzo kingine ambacho hakina umri, nacho ni uzi. Paka hupenda kuchezea uzi wa cherehani, utepe au kamba iliyofungia nyama, na ulimi wake una miiba inayoelekea nyuma, hivyo akishaanza kumeza hawezi kutema. Uzi ukinasa chini ya ulimi na ncha ya pili ikaingia tumboni, utumbo hujikunja juu ya uzi kama suruali juu ya mshipi wake. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma, USIUVUTE. Unaweza kukata utumbo kama msumeno. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Maziwa, ugali na vitunguu

Tuanze na maziwa, kwa sababu hayo ndiyo yenye lawama nyingi. Picha za vitabu vya watoto zimetufundisha kwamba paka na maziwa ni ndugu. Ukweli ni kwamba paka wengi wakishaachishwa kunyonya hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Sukari hiyo huteremka hadi utumbo mpana ikachacha na kuvuta maji, na matokeo yake ni kuharisha. Kabla hujatumia hata senti moja kwa daktari, acha maziwa kabisa kwa wiki mbili, na uwaambie watoto nao wasimpe. Mpe maji safi.

Ugali uliochanganywa na omena ni chakula cha paka wengi nchini. Omena si mbaya, lakini ugali ni wa kujaza tumbo tu. Paka ameumbwa kula nyama. Mnamo 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis walionyesha kwamba paka wasiopata taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki wala si kwenye nafaka, hupata ugonjwa wa misuli ya moyo. Ilikuwa tayari imejulikana kwamba upungufu huo huo huwapofusha.

Taurini huyeyuka kwenye maji. Ukichemsha nyama ya paka na kumwaga supu, umemwaga na kirutubisho hicho. Mpe pamoja na supu yake.

Lakini isiwe supu iliyoungwa. Vitunguu, viwe vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, na vitunguu saumu ni hatari zaidi. Kwa hiyo mabaki ya mchuzi wa jana, ambayo kwetu ndiyo riziki ya kawaida ya paka, si salama kwake. Mtengee kipande chake kabla hujatia kitunguu kwenye sufuria.

Jaribio la chakula

Paka wengi wenye tumbo sugu hupata nafuu kwa kubadilishiwa chakula tu, bila ya tembe hata moja. Ndiyo sababu madaktari wengi siku hizi huanza hapo kabla ya dawa, mradi paka bado anakula na hajadhoofika sana.

Jaribio lenyewe ni rahisi kulieleza na gumu kulitimiza. Unachagua nyama ya aina moja ambayo paka wako hajazoea kuila. Ikiwa amekuwa akila omena na kuku, sungura au mbuzi hufaa. Utaichemsha bila chumvi, bila mafuta na bila viungo. Au utanunua chakula maalumu kwa ushauri wa daktari. Mbadilishie taratibu kwa muda wa siku 4 hadi 7, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani, kisha asile kingine chochote kwa wiki 2 au 3.

Chochote ni chochote. Kipande kimoja cha samaki ambacho shangazi alimwangushia chini ya meza huharibu jaribio zima. Hapa nasema wazi kwamba majaribio mengi huvunjwa na watu wa nyumbani wenye huruma, si na paka. Mwite kila mtu, pamoja na msaidizi wa nyumbani na jirani ambaye paka humtembelea, uwaeleze. Ikiwezekana, mfungie paka ndani kwa muda huo, kwani panya na mapipa ya taka hayajui habari za jaribio.

Chakula kikiwa ndicho tatizo, utaona mabadiliko kabla ya wiki 3 kuisha. Nyama tupu iliyochemshwa, hata hivyo, si chakula cha miezi. Haina kalisi ya kutosha, na mifupa ya paka itadhoofika. Jaribio likifaulu, rudi kwa daktari mpange chakula kamili cha kudumu.

Tahadhari moja kubwa. Usimshindishe paka na njaa ukitarajia kwamba njaa itamlazimisha kukubali chakula kipya. Mbwa huenda akavumilia, paka la. Paka asipokula kwa siku 2 au 3, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini yakalisonga, na macho na fizi zikageuka manjano. Wengi hufa kwa hilo, ilhali tumbo lililowapeleka huko lingetibika. Akikataa chakula kipya kwa siku nzima, mrudishie cha zamani umpigie daktari. Kupasha nyama moto kidogo husaidia, kwa kuwa paka hula kwa pua kwanza.

Dawa za kabatini

Parasetamoli, ambayo karibu kila nyumba inayo, ni sumu kali kwa paka. Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoifunga dawa hiyo na kuitoa mwilini. Ini la paka lina kiasi kidogo mno cha kimeng'enya hicho. Dawa hugeuka kuwa sumu inayoharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Fizi huwa za kahawia au samawati, uso na nyayo huvimba, na pumzi hukatika. Tembe moja ya miligramu 500 yaweza kumwua paka wa kilo 4. Kama amekwisha kupewa, usingoje dalili. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, lakini hufaa ikitolewa mapema.

Ibuprofeni na diklofenaki nazo hutoboa tumbo na kuharibu figo. Aspirini ya mkononi mwako usimpe pia, kwani hubaki mwilini mwa paka kwa muda mrefu kuliko mwilini mwa mtu.

Za mifugo nazo si salama kwa sababu tu zimeandikwa "dawa ya wanyama". Dawa ya minyoo iliyopimwa kwa mbuzi au ng'ombe haikadiriwi kwa jicho ikawa ya paka. Tone la ziada kwa mbuzi si kitu, kwa mnyama wa kilo 3 ni balaa. Dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini humfanya paka atetemeke, apate kifafa na kufa. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Na viuavijasumu? Kuna wenye mazoea ya kumpa paka metronidazoli kila anapoharisha kwa sababu ndiyo wanayotumia wao wenyewe. Mara nyingi haihitajiki, na ikizidi kipimo au muda huathiri mishipa ya fahamu, paka akawa anayumba kama mlevi. Isitoshe, huwafunza bakteria wa nyumbani mwako kuishinda dawa.

Daktari akishathibitisha kwamba ni uvimbe sugu wa utumbo, dawa inayotumiwa sana ni predinisoloni. Kumbuka jina hilo, kwani kuna nduguye aitwaye predinisoni ambaye mwili wa paka hushindwa kumgeuza vyema kuwa dawa yenye kazi. Dukani wanaweza kukuambia ni kitu kimoja. Kwa paka si kimoja.

Predinisoloni hupunguza uvimbe, lakini humfanya paka anywe maji na kukojoa sana, na huweza kumletea kisukari. Kipimo hupunguzwa hatua kwa hatua. Baada ya wiki kadhaa za matumizi, kuikatiza ghafla ni hatari, kwani mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Usiichanganye na dawa za maumivu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni vitamini B12. Utumbo mgonjwa hushindwa kuifyonza, na paka aliyeishiwa nayo hakai sawa hata apewe dawa gani. Kwa kawaida daktari humdunga sindano moja kila wiki kwa wiki 6. Ni tiba ya bei nafuu ukilinganisha na nyingine, na ukiona tiba haisongi mbele, uliza kama imefikiriwa.

Kumpa tembe bila vita

Dawa isiyoingia tumboni haitibu. Wapo wanaomaliza kopo zima la tembe na nusu yake iko chini ya kochi.

Njia ya kwanza ni hila. Tengeneza vidonge vitatu vidogo vya nyama. Cha kwanza kiwe kitupu, cha pili kiwe na dawa, cha tatu kitupu. Mpe kwa haraka, kimoja baada ya kingine, akiwa na njaa. Anapomeza cha pili macho yake tayari yako kwenye cha tatu. Ikiwa yuko kwenye jaribio la chakula, tumia nyama ile ile ya jaribio. Usisage dawa ukaitia kwenye bakuli zima la chakula. Ataonja uchungu, atasusia chakula, na huenda akasusia bakuli hilo siku zote. Tena kuna tembe ambazo hazifai kusagwa kabisa, kwa hiyo uliza kwanza.

Hila ikishindwa, tumia mikono. Tayarisha kila kitu kabla hujamwita: tembe, na bomba la sindano lisilo na sindano lenye mililita 5 au 6 za maji. Mweke juu ya meza, makalio yakielekea kifuani mwako ili asirudi nyuma. Kama ana makucha ya ugomvi, mfunge kwenye leso kuukuu au taulo, kichwa pekee kikiwa nje.

Shika kichwa kwa juu kwa mkono usioutumia sana, kidole gumba upande mmoja wa shavu na vidole vingine upande wa pili. Inua pua mpaka ielekee darini. Taya la chini hulegea lenyewe. Kwa kidole cha kati cha mkono wa pili, bonyeza meno madogo ya mbele ya chini ili mdomo ufunguke, kisha angusha tembe nyuma kabisa ya ulimi, katikati. Ikiangukia mbele ataitema. Funga mdomo, rudisha kichwa katika hali ya kawaida, umpapase koo. Akijilamba pua, amemeza.

Sasa mpe yale maji, kidogo kidogo, kupitia pembeni mwa mdomo. Hatua hii wengi huiruka. Tembe kavu huweza kukwama kwenye umio wa paka kwa dakika nyingi. Tembe za doksisaikilini hasa zikikwama huunguza, zikaacha kovu linaloziba njia ya chakula. Ukikosa bomba, mpake siagi kidogo puani ili alambe na kumeza, mradi hayuko kwenye jaribio la chakula.

Dawa ya maji hupewa kupitia pembeni, nyuma ya jino la chonge, nusu mililita hivi kila mara, ukimwacha ameze. Hapa kichwa kisiinuliwe juu. Ukimwinua na kusukuma yote kwa pamoja, itaingia mapafuni na kumletea nimonia. Kwa sababu hiyo hiyo usimnyweshe mafuta ya aina yoyote kwa nguvu.

Akitokwa na povu jingi mdomoni mara baada ya dawa, usishtuke. Ni uchungu tu, na utaisha kwa dakika chache. Akitapika baada ya dawa, usimrudishie kipimo bila kuuliza. Ukikosa kumpa asubuhi, usimpe mara mbili jioni.

Ukishindwa mara tatu mfululizo, acha. Mpumzishe, nawe upumzike. Mwambie daktari ukweli kwamba huwezi. Dawa nyingine hupatikana kwa maji au kwa sindano, na daktari aliyeambiwa kwamba paka ametumia dawa zote, kumbe hakutumia, ataongeza kipimo au kubadili dawa bure.

Anapojikamua bila kutoa kitu

Paka wengine shida yao si kuharisha bali ni choo kigumu, hasa wazee na wale waliowahi kugongwa na gari wakavunjika nyonga. Maji ndiyo dawa ya kwanza. Chakula chenye supu ni bora kuliko kikavu, na weka bakuli za maji mahali pengi, mbali na choo chake. Daktari anaweza kumpa laktulosi ili kulainisha. Usimpige bomba la nyuma kwa dawa ya binadamu yenye fosfeti. Huvuruga chumvi za damu na huua.

Lakini kabla hujasema amefunga choo, hakikisha. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara, akilia na kujilamba chini, huenda ni mkojo uliozibwa. Huyo hana siku mbili. Usingoje kukuche.

Wewe na watoto wako

Paka mwenye minyoo huwahusu watu wote wa nyumba. Mayai ya minyoo mviringo yakimezwa na mtoto anayechezea mchanga, viluwiluwi vyake huzurura mwilini na huweza kufika jichoni. Kinyesi cha paka kiondolewe kila siku. Hilo husaidia pia dhidi ya toksoplasma, kwa kuwa mayai ya kijidudu hicho huhitaji siku 1 hadi 5 baada ya kutoka ndipo yaweze kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo, na ikiwa hana wa kumwachia, avae glavu na anawe.

Kuhusu kutia vidole mdomoni mwa paka, kuna wakati usifanye hivyo kamwe. Paka aliyebadilika ghafla akawa mkali au mlegevu kupita kiasi, anayedondokwa na mate na kushindwa kumeza, hasa kama hajachanjwa, huenda ana kichaa cha mbwa. Mfungie chumbani bila kumgusa na uite daktari wa mifugo. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukachanjwe siku hiyo hiyo. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mpango wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na ugonjwa huo ifikapo 2030, na chanjo ya paka wako ni sehemu ya kazi hiyo.

Unapokwenda kwa daktari

Hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, si muuza duka aliyevaa koti jeupe. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha udaktari wa mifugo huko Kabete, na katika kaunti nyingine ofisi ya mifugo inaweza kukuelekeza.

Nenda na daftari lako la uzito na la siku alizotapika. Beba makopo ya dawa zote alizokwisha kupewa, hata zile unazoona haya kuzitaja. Kama ana haja ya kupimwa kinyesi, chukua cha asubuhi hiyo hiyo, ukubwa wa kijiko cha chai, kwenye chupa safi yenye kifuniko. Na paka mwenyewe abebwe ndani ya kikapu kilichofungwa vizuri, si mikononi, kwani honi moja ya matatu yatosha kumtorosha kabla hujafika mlangoni.